Sumukuvu katika mahindi: kipimo cha Texas, kipimo cha kwetu, na mzigo wa mkulima

Mavuno ya mahindi katikati ya Texas huwa Julai na Agosti, wakati jua la huko halitofautiani sana na letu la Muscat. Msimu mmoja wa namna hiyo alinipigia simu mtoto wa marehemu kaka yangu, anayeishi baina ya Dallas na Fort Worth na kuendesha lori la nafaka.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona sauti ya mchovu?”

“Nimerudishwa na mzigo, ami. Tangu alfajiri niko foleni ghalani, na sasa wananiambia niuondoe.”

“Umeroa?”

“Haukuroa. Hauna fukusi wala haunuki uvundo. Wamesema una 38.”

“Thalathini na nane ya nini?”

“Ndiyo nakuuliza wewe, ami. Wewe ndiye uliyekuwa karani wa ghala.”

Kweli nilikuwa karani wa ghala kwa zaidi ya miaka 30. Masista na mapadri walionisomesha walinifunza kuandika hati safi na kujumlisha bila kukosea, na kitabu changu cha mapokezi kilikuwa na safu nne: uzito, unyevu, uchafu na wadudu. Tulichoma gunia kwa bambo, tukamwaga punje kiganjani, tukazitazama, tukazinusa, tukazing'ata. Safu ya 38 haikuwemo. Makala haya ni jibu nililomtafutia kijana wangu, na nimeona niwaandikie na wasomaji wenzangu wa Ghuba, kwa sababu jambo lenyewe linagusa shamba la ndugu zetu walioko nyumbani na sufuria zetu za hapa.

Sumukuvu ni nini

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu, yaani ule ukungu unaoota kwenye nafaka, karanga na viungo. Ziko aina nyingi, lakini inayoogopwa kuliko zote ni aflatoksini. Kuvu yake kubwa huitwa Aspergillus flavus. Huishi udongoni, huruka na upepo, na hupenda joto. Mahindi yakikumbwa na ukame wakati wa kutoa hariri na kujaza punje, au yakitobolewa na wadudu, kuvu huingia ndani ya gunzi likiwa bado shambani. Baada ya mavuno, mahindi yasiyokauka vizuri huipa kuvu hiyo nafasi ya pili, ghalani.

Dunia iliijua sumu hii mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza katika muda mfupi. Wataalamu walifuata chakula chao mpaka kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, na ndani yake wakaikuta kuvu. Jina aflatoksini limeundwa kutokana na jina la kuvu hiyo.

Sumu hii haina rangi, harufu wala ladha. Kuipika haitoki, kwa kuwa moto wa jikoni hauna nguvu ya kuivunja ikaisha. Mtu akila nyingi kwa mara moja, ini huharibika, macho na ngozi hugeuka manjano, tumbo hujaa maji, na anaweza kufa. Akila kidogo kidogo kwa miaka, hujiweka katika hatari ya saratani ya ini. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Aliye na homa ya ini aina ya B hatari yake huongezeka mara nyingi. Kwa watoto wadogo, tafiti zimeihusisha na kudumaa.

Sehemu moja katika bilioni

Sasa ile 38. Kipimo cha aflatoksini ni sehemu katika bilioni, yaani mikrogramu moja ya sumu katika kilo moja ya nafaka. Ukitaka kuiona bilioni kwa macho ya moyo, sekunde moja katika bilioni ni sekunde moja ndani ya miaka 32 hivi.

Lori kubwa la Texas hubeba kiasi cha tani 24 za mahindi. Kikomo cha chakula cha binadamu Marekani ni sehemu 20. Piga hesabu: katika tani zote hizo 24, sumu inayoruhusiwa haifiki hata nusu gramu. Ingetandazwa kwenye kijiko cha chai, usingeiona imejaa hata ncha.

Na tatizo si udogo tu. Sumu hii haikusambaa sawasawa. Gunzi moja linaweza kuwa na sumu kali na la jirani yake likawa safi kabisa. Punje moja mbovu imewahi kupimwa ikakutwa na hadi sehemu 400,000. Punje ya namna hiyo, yenye uzito wa theluthi ya gramu tu, ikiangukia ndani ya sampuli ya kilo 5, sampuli nzima itavuka 20. Ikibaki pembeni ya bambo, lori litapita likiwa safi kwa karatasi. Kwa hiyo mzigo ule ule unaweza kupimwa mara mbili na kutoa majibu mawili, bila mtu yeyote kudanganya. Hapo ndipo ugomvi wa mkulima na mnunuzi unapoanzia.

Ngazi ya Marekani

Marekani iliweka kikomo cha kwanza mwaka 1965, sehemu 30, kisha mwaka 1969 ikakishusha hadi 20. Msimamizi ni FDA, idara ya chakula na dawa ya serikali kuu. Lakini wengi hawajui kwamba 20 si kikomo pekee. Kwa mahindi kuna ngazi:

– Hadi 20: chakula cha binadamu, ng'ombe wa maziwa, na wanyama wachanga.
– Hadi 100: ng'ombe na nguruwe wa kuzalisha, na kuku wakubwa.
– Hadi 200: nguruwe wa kunenepeshwa waliozidi uzito wa kilo 45 hivi.
– Hadi 300: ng'ombe wa nyama walio katika hatua ya mwisho ya kunenepeshwa.

Ng'ombe wa maziwa amewekwa pamoja na binadamu kwa sababu sumu anayokula hupita kwenye maziwa, ikiwa imebadilika kidogo umbo. Maziwa yana kikomo chake peke yake, nusu ya sehemu moja katika bilioni. Ng'ombe wa nyama mwili wake huivunja sumu, na kinachobaki katika nyama ni kidogo sana.

Ngazi hii ndiyo moyo wa habari yote. Mahindi yenye 38 hayawezi kwenda kiwanda cha unga wala zizi la maziwa, lakini bado yana mlango wa kuingilia. Bei hushuka, ila mzigo hauwi takataka. Na sheria inakataza kuchanganya mahindi mabovu na mazuri ili kuficha kipimo. Ruhusa ya kufanya hivyo hutolewa kwa nadra, na kwa chakula cha mifugo tu.

Kutoka udongo mweusi hadi bandari ya Houston

Kusini na kaskazini ya Dallas umepita ukanda wa udongo mweusi wa mfinyanzi. Mashamba yake yanashuka kupitia Waxahachie na Hillsboro hadi karibu na Waco, na mahindi yake mengi hutegemea mvua. Saginaw, kaskazini ya Fort Worth, ina vihenge vya zege vinavyoonekana kutoka mbali kama majengo ya ghorofa yasiyo na madirisha. Kusini, Houston iko kando ya Ghuba ya Mexico, na bandari yake husafirisha nafaka nje ya nchi. Mashamba ya upande huo, kama ya wilaya ya Wharton, yana mahindi, mtama, pamba na mpunga.

Nafaka inayouzwa nje husimamiwa na sheria ya viwango vya nafaka ya mwaka 1916. Katika miaka ya 1970 kulizuka kashfa ya rushwa ya wakaguzi katika bandari za Ghuba ya Mexico, hasa New Orleans, na mwaka 1976 bunge likaunda idara ya serikali kuu ya ukaguzi wa nafaka. Tangu mwaka 1990 sheria inataka mahindi yote yanayosafirishwa nje yapimwe aflatoksini, isipokuwa mkataba wa mnunuzi useme vingine.

Texas ni nchi ya joto na ukame, kwa hiyo sumukuvu si mgeni huko. Mwaka 1998 ulikuwa mbaya. Mwaka 2011 ulileta ukame ambao Texas haikuwahi kuuandika katika rekodi zake kwa ukali. Mkulima wa mwaka kama huo hupigwa mara mbili: kwanza anavuna kidogo, kisha hicho kidogo kinakutwa na sumu.

Sampuli moja badala ya mbili

Mkulima wa Texas anayekata bima ya mazao anaweza kulipwa kwa hasara ya sumukuvu, lakini kwa sharti moja kali: sampuli ichukuliwe kabla nafaka haijaingia ghalani. Ukishamwaga mahindi kwenye kihenge chako mwenyewe ndipo ukapima, bima haikutambui, maana haijulikani sumu ilitoka shambani au ilizaliwa ghalani.

Zamani mkulima alijikuta katikati ya vipimo viwili. Ghala lilichukua sampuli yake na kusema, tuseme, 60, likapunguza bei. Maabara ya upande wa bima ilipima sampuli nyingine na kusema 15, kwa hiyo hakuna fidia. Kwa kuwa punje mbovu hazikusambaa sawasawa, majibu yote mawili yangeweza kuwa ya kweli, na hasara yote ikabaki kwa aliyelima.

Mwaka 2011 ofisi ya mkemia wa jimbo la Texas, iliyo chini ya utafiti wa kilimo wa Texas A&M pale College Station, kati ya Dallas na Houston, ilianzisha utaratibu walioupa jina la mkakati wa sampuli moja. Wafanyakazi wa maghala yanayoshiriki hufunzwa na kufanyiwa mtihani. Hutumia vifaa vilivyoidhinishwa, na ofisi huwapelekea sampuli ambazo yenyewe inajua kipimo chake, ionekane kama wanapima sawa. Jibu linalotoka linatumika na mnunuzi na linatumika na bima. Sampuli ni moja na karatasi ni moja.

Upimaji wenyewe uko hivi. Lori linasimama chini ya mkono wa mtambo wenye bomba refu, bambo la kisasa, linalozama katika mzigo sehemu kadhaa, juu mpaka chini. Punje zilizokusanywa husagwa zote pamoja zikawa unga laini, kwa sababu ya ile punje moja iliyojificha. Unga huchotwa kidogo, huchanganywa na kimiminika cha kuifungua sumu, huchujwa, kisha kijikaratasi huchovywa na mashine husoma namba. Mwenye lori anasubiri dakika chache. Miaka ya nyuma maghala mengi yalimulika nafaka kwa taa maalumu gizani; punje zilizong'aa rangi ya kijani na manjano zilitiliwa shaka. Taa ile ilionyesha kwamba kuvu ilikuwapo, lakini haikutaja kiasi cha sumu.

Anachobeba mkulima

Msidhani basi kwamba mkulima wa Texas amestarehe. Maamuzi makubwa anayafanya kabla hajajua kama mwaka utakuwa na sumu au la.

Anaweza kununua kuvu rafiki. Hii ni Aspergillus flavus ile ile, lakini ya ukoo usiotengeneza sumu. Hupandishwa juu ya punje za nafaka zilizouawa uhai zisiote, zikarushwa shambani kabla mahindi hayajatoa hariri, kiasi cha kilo 4 na nusu kwa eka. Kuvu isiyo na sumu huwahi kiti, na yenye sumu hukosa pa kukaa. Njia hii hufanya kazi, lakini fedha yake hulipwa mapema, na mvua ikija vizuri mkulima huona kama ametupa pesa.

Anaweza kuvuna mapema, mahindi yakiwa bado na unyevu, akalipia gesi ya kuyakausha kwa mashine. Anaweza kuongeza nguvu ya feni ya mashine ya kuvunia, ipeperushe punje nyepesi ambazo ndizo mara nyingi zenye sumu. Lakini punje nyepesi nazo zina uzito kwenye mizani, na mizani ndiyo mshahara wake. Anaweza kuacha mahindi kabisa akalima mtama, ambao huvumilia ukame na hauathiriki sana na aflatoksini.

Kila njia ina gharama. Kikomo kinamlinda mlaji, na anayekitangulia kwa fedha zake ni mkulima. Tofauti ni kwamba Texas baadhi ya mzigo huo umegawanywa: ghala hubeba kidogo, bima kidogo, soko la ng'ombe wa nyama kidogo.

Kwetu: Makueni, Dodoma, Namanga

Sasa tuvuke bahari. Kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni sehemu 10 kwa jumla ya aflatoksini, na sehemu 5 kwa aina ya B1 iliyo kali kuliko zote. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Kwa karatasi, basi, sisi ni wakali mara mbili kuliko Marekani.

Na sababu ya kuwa wakali ipo. Mmarekani hula mahindi mara mojamoja, lakini kwetu ugali ni chakula cha kila siku, asubuhi uji na jioni sima. Sumu ile ile katika kilo moja huingia mwilini mwa mtu wa Kitui mara nyingi zaidi kuliko mtu wa Dallas.

Lakini karatasi haikuzuia msiba. Mwaka 2004 katika Makueni, Kitui na wilaya jirani za Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye aflatoksini. Wengi walikula mahindi yao wenyewe, yaliyovunwa na kuwekwa ndani bila kukauka vizuri. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki. Hapo ndipo neno sumukuvu lilipoanza kusikika redioni na misikitini na makanisani, likaacha kuwa neno la maabara.

Novemba 2019 shirika la viwango la Kenya lilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa kuzidi kikomo. Kisha ikaja tarehe 5 Machi 2021: mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandikia forodha izuie mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakasimama Namanga. Baada ya siku tano marufuku iliondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha kuonyesha uko chini ya sehemu 10, na ijulikane umetoka wapi. Kwa siku hizo mkulima aliyekuwa amekwisha kuuza kwa mdomo alijikuta hana mnunuzi, na hakuna aliyempima yeye. Ilipimwa nchi yake.

Tofauti kubwa na Texas naiona hapa. Mzigo wa kijana wangu ulikataliwa mlango mmoja, ukawa na mwingine. Kwa mkulima wa gunia kumi, mlango mwingine ni nyumba yake. Gunia lililokataliwa linarudi kwa punda au bodaboda, na mwisho wake ni sufuriani au kwenye soko la jioni ambako hakuna anayepima. Kikomo cha 10 kimemlinda mnunuzi wa mjini, na sumu imebaki na watoto wa aliyelima. Kulegeza kikomo si dawa, kwa sababu watu walikufa kweli. Dawa ni kumpa mkulima kipimo cha karibu na cha kuaminika, na mahali pa kupeleka mzigo uliokataliwa pasipokuwa mdomoni mwake.

Yanayofanyika

Kazi imeanza. Ofisi ile ile ya mkemia wa Texas ilipeleka uzoefu wake Kenya kupitia mpango uitwao APTECA. Wasagaji wa unga hujiunga kwa hiari, hupima mahindi yao wenyewe, na hupelekewa sampuli za kuwajaribu kama walivyofanyiwa watu wa maghala ya Texas. Kumbe karani wa kinu cha Kenya na mpimaji wa kihenge cha Fort Worth wanafanya mtihani wa aina moja.

Kuvu rafiki nayo imefika, kwa jina la Aflasafe, iliyotengenezwa kwa kuvu za udongo wa nchi husika. Kenya wanayo, na Tanzania iliisajili mwaka 2018. Hurushwa kilo 4 kwa eka, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Tanzania ilianzisha mradi wa kitaifa wa kudhibiti sumukuvu, TANIPAC, wenye kituo Mtanana katika wilaya ya Kongwa. Wazee watalikumbuka jina la Kongwa: ndiko Waingereza walikojaribu mradi wao mkubwa wa karanga kuanzia mwaka 1947, ukawashinda kwa ukame na ardhi ngumu. Ukame ule ule ndio unaoialika kuvu leo.

La kuwaambia walioko nyumbani

Wengi wetu tunatuma fedha za mbegu na mbolea. Ukituma, tuma na maneno haya:

Mahindi yasilazwe chini kwenye udongo. Yaanikwe juu ya turubai au kichanja. Yapukuchuliwe bila kupigwa kwa magongo mpaka yakapasuka, maana punje iliyopasuka imeifungulia kuvu mlango.

Asiye na mashine ya unyevu atumie chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, tia mahindi mpaka theluthi ya chupa, tikisa, uache dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado maji. Isipoganda, yaanike siku moja zaidi kwa usalama, kwa sababu chumvi huonya kuanzia asilimia 15 tu, na sisi twataka 13.5.

Kina mama wachambue. Kutoa punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na zilizosinyaa huondoa sehemu kubwa ya sumu, kwa kuwa imejikusanya katika punje chache. Zilizochambuliwa zisipewe kuku wala ng'ombe wa maziwa. Zifukiwe.

Kukoboa kunasaidia, maana sumu nyingi iko kwenye ganda na kiini. Sembe ya mahindi mabovu huwa na sumu pungufu kuliko dona yake, ingawa haiwi safi. Na pumba zake ndizo zenye sumu zaidi, nazo hupelekwa kwa ng'ombe, zikarudi katika maziwa ya mtoto.

Mifuko isiyopitisha hewa, ambayo Tanzania wengine huiita kinga njaa, huwaua wadudu na kuzuia unyevu kuingia. Lakini mahindi yaingie yakiwa makavu, kwani mfuko hautoi sumu iliyokwisha kuwemo.

Jikoni kwetu Ghuba

Sisi huku unga wa sembe tunaubeba mkononi kutoka Dar na Mombasa, na karanga za kuchemsha na za mchuzi vilevile. Unga wa nyumbani unukuu kidogo kidogo, si wa kukaa kabati mwaka mzima katika joto la Ghuba. Karanga iliyosinyaa, yenye rangi ya kahawia iliyokolea au chungu, itupwe, wala usiitafune ukaimeza kwa haya ya kutema. Pilipili kavu na fustuki nazo hushikwa na kuvu hii; Umoja wa Ulaya ulizuia fustuki za Iran mwaka 1997 kwa sababu hiyo hiyo. Nunua zilizofungwa vizuri, na viungo vyako viweke pakavu, mbali na mvuke wa jiko.

Nilipomweleza kijana wangu yote haya, nilimuuliza mzigo wake uliishia wapi. Alisema mwenye shamba alipiga simu mbili, akapata mnunuzi wa chakula cha ng'ombe wa nyama, bei ikapungua, na lori likageuzwa kuelekea kaskazini magharibi. Karatasi ya 38 ilikwenda kwa watu wa bima. Jioni alikuwa amekwisha kumwaga.

Kitabu changu cha mapokezi bado ninacho, kimeliwa pembe na mende. Kila mzigo tuliokataa niliuandika kwa wino mwekundu: tarehe, uzito, sababu. Nimeupekua wote. Hakuna hata mstari mmoja unaosema mzigo uliokataliwa ulikwenda wapi, kwa sababu hatukuwahi kuuliza. Lau ningerudishwa kwenye meza ile kesho, ningepiga mstari nikaongeza safu mbili: moja ya sumukuvu, na nyingine ya mahali gunia lililorudishwa lilikoishia.